Kura Sita za Mlimani

Kanali Lysander Broome alikuwa nyuma ya kichaka, akihangaika kuliingiza tumbo lake ndani ya suruali ya mtumwa wake.

"Vuta pumzi, bwana," alisema Isham. Yeye alikuwa amesimama kando ya gari la farasi, amevaa koti la bluu la Kanali, maana hakuna nguo nyingine iliyobaki.

"Una hakika huyu mkulima ana kura sita?"

"Yeye na wanawe watano, bwana. Nilifika mwenyewe uliponituma wiki iliyopita. Ila hawampi kura mtu mwenye mikono laini. Wanataka mtu wa kufanya nao kazi, tena asiyekimbia kabla jua halijazama."

Mikono ya Kanali ilikuwa laini kuliko ya mkewe. Lakini mwaka ule jimbo zima la Maryland lilikuwa limepandwa na wazimu. Jenerali mmoja wa vita alikuwa anagombea urais, na watu walimpenda kwa kuwa alizaliwa kwenye kibanda cha magogo, basi kila mwanasiasa aliyekulia kwenye nyumba ya matofali akawa anatafuta kibanda cha kudai ni chake. Kanali aligombea ubunge kwa jina la Jenerali. Mara iliyopita alishindwa kwa kura nne tu, baada ya mpinzani wake kueneza habari kwamba anakula samaki kwa uma wa fedha. Safari hii wakubwa wa chama walimwambia waziwazi: ukianguka tena, nenda kafuge kuku. Maskini hakulala vizuri tangu siku hiyo.

"Kaa hapa na gari," alisema. "Nikikuita, uje."

"Sawa, bwana."

Kanali alivuka kijito akapanda kilima, viatu vya Isham vikimtoa machozi. Juu alimkuta Adam Hostetter, mzee wa ndevu na kiko, amekaa mlangoni pa kibanda chake. Vijana watano warefu walisimama nyuma yake wakimtazama mgeni.

"Hamjambo, ndugu zangu!" Kanali alipaza sauti. "Mimi ni mtu wa jembe kama ninyi!"

Mzee Adam aliiangalia ile mikono kwa muda mrefu.

"Karibu," alisema. "Shoka lile pale."

Asubuhi Kanali alipasua magogo ya uzio mpaka viganja vikafura malengelenge. Kisha wakamkabidhi banda la nguruwe. Alipotoka humo hata mbwa wa nyumbani alimpisha. Hakulalamika, kila alipotaka kuketi alikumbuka kuku, akainuka.

Na wakati wote huo mdomo haukupumzika.

"Mzee wangu, Rais wa sasa ni mtu wa Boston. Huyo na wenzake wa kaskazini wanapandisha ushuru ili tununue vitambaa vyao kwa bei ya kuruka. Na wale wa Pennsylvania, hapo ng'ambo ya mpaka, waliofuta utumwa kwao, ndio wabaya zaidi! Watakuchekea huku wanakukamua jasho."

"Ndivyo ninavyosikia," alisema Mzee Adam.

Kijana mmoja alishikwa na kikohozi cha ghafla. Mama yake akamtuma maji haraka.

"Tena eti wanatufundisha sisi namna ya kukaa na watumwa!" Kanali aliendelea, uso umemwiva. "Huyu Isham wangu hana shida hata moja. Hata ukimfukuza haondoki!"

"Kweli?" Mzee Adam alitoa kiko mdomoni. "Basi, Kanali, kuna kazi moja tu imebaki. Tunataka kisima."

Kanali alilitazama shimo lililoanzwa, akazitazama zile kura sita, akachukua sepetu. Kufika alasiri alikuwa amezama mpaka kimo cha mtu na nusu, akivuta ndoo za udongo na kuhutubia kuta. Akiwa humo chini alisikia magurudumu yakipita juu barabarani.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Wasafiri," alijibu Mzee Adam kutoka juu. "Chimba kidogo hapo kushoto, naona pana unyevu."

Jua lilipogusa vilele, maji yalitokea. Vijana walimvuta Kanali kwa kamba, ametapakaa tope. Mama wa nyumba alimletea mkate na bakuli la maziwa. Kanali alikula kwa mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza maishani chakula kilimtia machozi ya furaha. Kura sita! Alishindwa kwa nne, sasa anazo sita!

"Mzee wangu," alisema, akijipangusa mdomo kwa mkono wa shati, "Jumatatu mtashuka nyote kunipigia kura mimi na Jenerali?"

"Jenerali tutampigia, tunampenda sana," alisema Mzee Adam. "Wewe hatuwezi. Ulipovuka kile kijito, uliingia Pennsylvania."

Kanali aliwatazama wale vijana mmoja mmoja, na wote wakaangalia viatu vyao. Kisha hasira zikampanda, akageukia bonde.

"Isham!" aliita. "Leta gari, tuondoke hapa! Isham!"

Sauti yake ilienda ikarudi peke yake.

"Isham!"

Mzee Adam alikung'uta kiko chake taratibu.

"Usijiumize koo, Kanali. Saa hizi yuko mbali. Alituomba tukushughulishe mpaka jua lizame, basi. Kisima niliongeza mimi."