Mto Amenuna

Daftari lilikutwa limenasa kwenye matawi, siku tatu baada ya mafuriko. Tabu alilileta mwenyewe ofisini, akaliweka mbele ya Mhandisi Mbwilo. Mama yake, Bi Zuhra, ndiye aliyekuwa akisoma kipimo cha mto kila alfajiri. Bado walikuwa wanamtafuta.

"Fungua Jumanne," Tabu alisema.

Mhandisi aliijua Jumanne ile. Mita moja na nusu, kama kawaida. Pembeni, kwa penseli, Bi Zuhra alikuwa ameandika: "Mto amenuna." Mchana ule Mhandisi alipita kukagua. Kwa kalamu nyekundu aligeuza "amenuna" kuwa "umenuna", kisha akakata sentensi nzima.

"Mto si mtu, mama," alimwambia huku akicheka. "Wewe niandikie namba tu."

Sasa Tabu alikuwa akimtazama Mhandisi. "Hukumuuliza ana maana gani?"

"Sikumuuliza."

"Vyura walikuwa wamenyamaza. Maji yalikuwa yananuka udongo. Mama akisema mto amenuna, sisi tunafunga mizigo. Tulihama wote Jumanne ile ile. Yeye akabaki, eti ofisi inataka namba ya Jumatano."

Mhandisi aliinamia ukurasa. Penseli haikufutika hata herufi moja. Wino wake mwekundu ndio uliochujuka, ukaenea karatasi nzima.

Ripoti ilikuwa inasubiriwa. Alivuta karatasi mpya, akaandika "Mto". Herufi iliyofuata ikamshinda. Kalamu ilibaki hewani, Tabu akiikodolea macho.