Hoteli ya Jijini

Wakala wa safari aliweka picha mbili mezani: hoteli ya katikati ya jiji na hoteli ya ufukweni. Mke alicheka. Mumewe alikuwa mwalimu wa kuogelea, na kila likizo ilikuwa ya baharini.

"Tuandikie ya ufukweni," alisema mke. "Huyu bwana ni samaki. Jijini atakauka."

"Ya jijini," mumewe alisema taratibu.

"Leo mzee amechoshwa na chumvi?" wakala alitania.

"Nataka kutembea madukani."

Mke alimgeukia. Maduka yalimtia mumewe usingizi siku zote. Ndipo alipouona mkono wake: ulikuwa kifuani, ukipapasa polepole, kama wa mtu anayembembeleza mtoto asiamke.

"Hospitali kuu iko mbali na hoteli hii?" mume alimuuliza wakala, bila kumtazama mkewe.

"Ng'ambo ya barabara tu."

Mke alisogeza kiti karibu na mumewe. Aliushika ule mkono. Ulikuwa wa baridi, umelowa jasho.

"Tuandikie ya jijini," alisema.

"Vizuri. Mtakaa siku ngapi?"

"Siku ngapi?" mke alimuuliza mumewe, bila kuuachia mkono wake.