Kadi ya Ndumilakuwili

Meli tatu za Dereva zilivuka mpaka bila hodi, zikatua karibu kabisa na sayari ya dada yake.

"Umefuata nini kwangu?" Dada akauliza.

"Nimekuja kukulinda. Kwani vibaya?"

Dada akacheka, lakini hakumwamini. Ndumilakuwili nao huongea hivyo hivyo. Katika mchezo huu aliouchonga marehemu baba yao, sayari za mbao na meli za mbao, kila mtu hupewa kadi moja ya siri. Binadamu husafiri pamoja kwenda Nyota ya Saba. Mwenye kadi ya Ndumilakuwili, wageni waongo wa anga za mbali, hujifanya binadamu mwenzao, kisha huwamaliza njiani.

Zamani walicheza kujifurahisha tu. Leo Mama alitangaza asubuhi, bila kupepesa macho: "Binadamu wakifika Nyota ya Saba, karakana ya baba ni yenu wote watatu. Wasipofika, naiuza. Nimechoka kuamua kesi zenu."

Kisha akachukua kadi. "Baba yenu hayupo, kwa hiyo nimepunguza moja." Akawagawia, akaenda kukaa dirishani na ufumaji wake.

Dereva ana lori lake. Kitinda, mdogo wao, ni muuguzi. Dada hana pengine pa kwenda. Tangu amalize shule anaranda mbao katika karakana ile, na akiipoteza atakuwa amepotea naye. Hata meza hii ilitoka mle. Baba alitengenezea mji mzima meza imara, yake mwenyewe ikawa ya kutikisika miaka ishirini, na wao wakazoea kunywa chai huku wameshikilia vikombe.

Chai ya Dada ilikuwa mezani, imetulia tuli, inapoa. Macho yake yalikuwa kwenye zile meli tatu.

Kitinda akamsogelea sikioni. "Dada, juzi nilimwona huyu na yule anayetaka kununua karakana. Walikuwa wanacheka."

"Nini?" Dada akamgeukia Dereva. "Ni kweli ulikuwa na mnunuzi wa karakana?"

"Alinisimamisha yeye! Nikamwambia haiuzwi ng'o!"

"Na kucheka je?"

"Sasa nilie? Dada, tafadhali. Zimebaki hatua mbili tu, twende zetu."

Ile tafadhali ndiyo iliyomtia hofu. Lini Dereva alimwambia mtu tafadhali? Dada akasukuma meli zake zote na kuzifagia za kaka mtu mpaka ya mwisho.

Dereva akafunua kadi yake. Binadamu.

Dirishani, sindano za Mama zilisimama.

Dada akaikodolea macho kadi ile. Kama si Dereva, basi nani aliyemnong'oneza sikioni? Akamtazama Kitinda. Kitinda alikuwa tayari anamtazama yeye.

"Kumbe ni wewe," Kitinda akasema. "Umemuua kaka mchana kweupe!"

"Usinigeuzie kibao!"

"Dada, usinisogelee."

Akamsogelea. Meli zikavaana, moja baada ya nyingine, mpaka ubao mzima ukabaki mtupu na Nyota ya Saba haina mgeni.

"Haya, onyesha," Dada akasema, anahema.

Wakafunua pamoja. Binadamu. Binadamu.

"Sasa Ndumilakuwili ni nani?" Dereva akauliza kwa sauti ndogo.

Mama alikunja ufumaji wake, akaja, akainama karibu na goti la Dada, akachomoa kitu chini ya mguu wa meza. Meza ikayumba kama zamani, chai ikamwagika. Akaikunjua kadi iliyokuwa imekunjwa mara nne, akaiweka mbele yao: Ndumilakuwili. Kisha akachukua simu kumpigia mnunuzi.