Mtu wa Kamera Mferejini

Heche aliruka ndani ya mtama mara tu alipoona kanga ya Ghati inatokea njiani. Akajikunyata humo, mwenyekiti mzima wa kitongoji, mpaka yule mama alipopita na jembe lake begani.

Hakuwa peke yake. Kitongoji chote, huko Nyansurura, kilikuwa kinamkimbia Ghati, kwa sababu swali lake lilikuwa moja tu: mfereji utazibuliwa lini? Mfereji ulichimbwa na babu zao. Sasa ulikuwa umejaa mchanga na mbuzi wanalala humo. Vijana wote walikwenda maduarani kuchimba dhahabu, na kila msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, ulipoitishwa Ghati alijikuta anafukua na katekista na mbwa wa katekista.

"Mwenyekiti, vitunguu vyangu vikikauka na msimu huu, nafunga virago," alimwambia Heche siku alipomkamata. "Nakwenda Kenya, kuishi Migori kwa binti yangu Mogesi."

Heche alisikitika kweli. Mama kuhamia kwenye mji wa mkwe wake, mtu ambaye kwa mila hawatakiwi hata kuonana uso kwa uso, ni aibu usiyomwombea hata adui. Alisikitika, kisha akaenda zake.

Mwezi ule ndipo alipotokea mtu wa kamera. Alishuka kwenye pikipiki ya kukodi kutoka Mugumu, kofia ya njano kichwani, akapanda juu ya jiwe pale mfereji unapopinda. Akapiga picha upande wa juu, akapiga upande wa chini, akaandika kitu kwenye daftari, akaondoka. Mwezi uliofuata akarudi, jiwe lile lile, picha zile zile.

Ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Tarime, kila mtu alikuwa na shemeji aliyelipwa fidia ya shamba na mgodi, au aliyedai kuwa na shemeji wa namna hiyo. Sasa mtu mwenye akili zake atapiga picha mchanga na mbuzi kwa ajili gani, kama si kampuni inataka ardhi?

Heche akamfuata pale jiweni.

"Ndugu, kampuni italipa lini?"

"Kampuni gani, mzee? Mimi napiga tu hii mfereji."

Heche akawageukia watu. "Mmesikia? Amekataa. Asingekuwa wa kampuni, angekubali."

Wiki hiyo hiyo tegesha zikaanza. Tegesha ni nyumba isiyojengwa ili mtu alale, bali ili ihesabiwe. Picha za mwezi wa tatu zilikuta nyumba sita kando ya mfereji. Za mwezi wa nne zilikuta kumi na moja, na mojawapo ilikuwa ya Heche mwenyewe, yenye madirisha mawili yaliyochorwa kwa mkaa. Tomaso alijenga choo kisicho na shimo. Migomba ikapandwa mpaka ukingoni, maana mgomba nao una fidia yake.

Mtu wa kamera alielekeza kamera kwenye kila kitu bila kucheka. Aliwapa watu mkono, akanywa uji kwa Tomaso, akakisifu hata kile choo. Ila siku alipomwona Ghati anakuja, alitumbukia mferejini na kamera yake, akalala kifudifudi katikati ya mbuzi mpaka mama alipopita. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

"Hata mgeni ameshamjua," alisema Heche, na tangu hapo akampenda mtu yule kama ndugu yake.

Ghati peke yake hakujenga tegesha. "Mimi mambo ya kampuni siyajui," alisema walipomtania. "Ila nasikia kule Tarime mgomba uliokauka hawaulipi."

Watu wakatazamana. Migomba ilikuwa imeanza kunyauka, na zilibaki siku tisa mgeni arudi.

Alfajiri iliyofuata Heche alipuliza filimbi ya msaragambo, na kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe, watu walizidi kazi. Vijana walirudi kutoka maduarani na sururu zao. Walifukua kuanzia mtoni mpaka bondeni, mwanamume aliyedai ana mgongo naye akasahau mgongo. Siku ya nane maji yakapita chini ya madirisha ya mkaa, yakafika kwa Ghati. Mama akasimama katikati ya vitunguu, miguu imelowa, akalia. Walidhani analilia fidia aliyoikosa, wakamwonea huruma.

Mtu wa kamera akaja, akapiga mfereji wenye maji na migomba iliyonyooka. Baada ya hapo hakuonekana tena.

"Faili limekwenda Dar," Heche aliwatuliza watu. Wakawa wanausafisha mfereji kila Jumamosi, faili lisije likarudi likakuta mchanga.

Vitunguu vilipovunwa, Ghati alipanda basi na kikapu kizima kwenda Migori. Alikaa jikoni kwa Mogesi, uso kwenye moto, mgongo mlangoni. Nje, upande wa pili wa ukuta, mwenye nyumba aliketi kwenye kigoda, naye ameelekea barabarani, kofia ya njano magotini. Mogesi ndiye aliyepeleka maneno huku na huku.

"Mwambie mume wako nashukuru. Sasa sihami."

Mogesi akatoka, akarudi. "Anasema yeye ndiye anashukuru zaidi. Na anauliza, ile kamera sasa aitupe? Haijawekwa mkanda tangu tulipofunga ndoa."

Ghati akasukuma kuni ndani ya jiko, akafikiri kidogo.

"Asiitupe. Mwambie na daraja letu limeoza."