Mshika Ndoo

Sheria ya mtaa ilijulikana: anayewasha moto kwenye shimo la uani lazima awe na mwenzake wa kushika ndoo ya maji. Tabitha alikuwa akichoma majani makavu, kama kila Jumamosi. Mjumbe wa mtaa, mzee Kilonzo, aliuona moshi akapiga hodi.

“Mama, nani kashika ndoo?”

“Yoeli,” alijibu, akageuka kumwonyesha. Ndoo ilikuwa juu ya kigoda kitupu cha Yoeli, mumewe. Walikuwa wamemzika Jumatano.

“Basi niuzime?” Tabitha aliuliza, kama mtu anayeulizia bei ya chumvi.

Kilonzo aliinyanyua ndoo kwa mikono miwili, akasimama nyuma ya kigoda. Majani yakaisha. Tabitha aliendelea kuyapekua majivu kwa ufito, na mzee bado ameshika ndoo.