Zimwi na Mwenye Nyumba

Mazimwi wa Namahage, wanaume wa kijiji wanaojigeuza mazimwi kuwatisha wavivu nyumba kwa nyumba, waliingia kwa kishindo, wamevaa vinyago vyekundu, theluji ikidondoka kwenye makoti yao ya mabua. Kama kila mwisho wa mwaka, mkubwa wao alinigeukia mimi, maana mwenye nyumba ndiye huwatetea watu wake.

"Mkamwana wako mvivu, mzee! Tumpeleke mlimani?"

Nilifungua mdomo. Tangu kiharusi kiniondolee sauti, hutoka mate tu. Mwanangu alikuwa baharini, na nyumba isiyojibu huchekwa na kijiji kizima.

Chizuru, mkamwana mwenyewe, alisogeza sinia la pombe ya mchele.

"Poleni na theluji, mabwana. Uvivu nakubali. Lakini mkinibeba, nani atampikia mzee uji? Wewe, na makucha hayo?"

Nyuma ya kinyago mtu alikohoa kuficha kicheko. Miaka yote niliyowajibu, sikuwahi kuwajibu vizuri hivyo.

Zimwi alipiga magoti, akamnyooshea Chizuru mikono yote miwili, kama apokeavyo kwa mwenye nyumba.

Chizuru hakumpa kikombe. Alikiweka mkononi mwangu.

"Mwenye nyumba ni baba. Atakukaribisha yeye."

Nilimnyooshea kikombe, nusu ya pombe ikamwagikia mabua ya koti lake. Zimwi aliinamisha pembe zake, akangoja.