Mbegu ya Limao Ndooni

Shamsia aliyanusa maji ya ndoo mara ya tatu. Hayakunuka kitu. Dawa ya klorini alikuwa ameitia kwa mkono wake mwenyewe, kisha akatoka mara moja kuanika nguo. Sasa imekwenda wapi?

Akaichungulia chupa. Kauziwa feki? Au pua ndiyo imeziba? Na kipindupindu kilishaingia nyumba ya jirani, hapo hapo kijijini Kwamndolwa.

Ndipo akaiona mbegu ya limao, imetulia chini ya ndoo.

"Nimeyakamulia limao, mwanangu," mama mkwe alisema kutoka barazani, amempakata mjukuu. "Yananuka dawa, mtoto anayakataa. Kila siku nakusaidia, wewe ukigeuka tu."

Kila siku! Muuguzi aliwaonya mkutanoni: limao likiwahi kuingia, linaiua dawa kabla dawa haijaua vijidudu. Lakini mkwe unamwambiaje? Shamsia alifungua mdomo apige kelele, ikatoka, "Ahsante, mama."

Mtoto akanyoosha kikombe kitupu. "Bibi, niongezee maji."

Bibi akakipokea, akamnyooshea Shamsia, aliyekuwa bado ameiinamia ndoo.